Mafunzo Niliyopata kwa Kuyeyusha Nta Masinga

Baba alipofariki aliniachia myatu, yaani mizinga ya nyuki, kumi na moja iliyoning'inia kwenye migunga, deni la duka, na ndoo mbili za masega makavu ambayo hakuna mtu nyumbani aliyejua yafanyiwe nini. Asali tulikuwa tukiuza kando ya barabara. Nta tulikuwa tukitupa, au kumpa fundi wa viatu akipita. Nilianza kutengeneza mishumaa kwa sababu ya zile ndoo tu, nikidhani nitawauzia majirani siku stima ikipotea.

Kufikia mwaka wa pili wateja wangu wakubwa hawakuwa watu wa gizani hata kidogo. Walikuwa katekista, mganga mwenye chumba sokoni, wanawake wenye maneno na waume zao, na dada mmoja aliyetoka Uingereza akijiita mpagani bila kuona haya. Kwetu neno hilo ni la kurushiwa mtu kutoka mimbarini. Yeye alilivaa kama leso mpya.

Haya hapa niliyojifunza, si kwa mpangilio wa maana bali jinsi yalivyonijia.

1. Nta haina haraka

Nta ya nyuki huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64 hivi, kabla maji hayajafikiria kuchemka. Sikulijua hilo. Mara ya kwanza niliitia kwenye sufuria, nikaibandika moja kwa moja juu ya makaa, nikaenda kumfukuza mbuzi aliyeingia kwenye kunde. Niliporudi sufuria ilikuwa ikifuka, na kabla sijaifikia ikashika moto. Shemeji aliyekuwa karibu akafanya ambalo yeyote angefanya: akamwaga maji. Moto ulipaa ukalamba mabati, ukaila kamba ya nguo pamoja na nyusi zake zote mbili. Maji yakiingia kwenye nta inayowaka hugeuka mvuke papo hapo, na mvuke huo huirusha nta juu ikiwa bado inawaka. Dawa yake ni kifuniko, au mchanga, na moyo wa kutokimbia.

Siku hizi sufuria ndogo hukaa ndani ya kubwa yenye maji. Masega huyeyuka polepole, nachuja kwa kitambaa cha zamani, uchafu unabaki, na asubuhi nakuta nta imeganda juu ya maji kama chapati ya manjano. Wafugaji wa nyuki husema kundi hula kilo sita mpaka nane za asali ili kutoa kilo moja ya nta. Mteja akilalamikia bei namtajia hesabu hiyo, kisha namwonyesha mshumaa mweupe wa dukani, ambao ni parafini, mtoto wa petroli. Wengine hununua wangu. Wengi hununua wa dukani, na siwalaumu.

2. Mshumaa ni mgeni

Susu, mama yake baba, alikuwa bado hai nilipomwaga mshumaa wangu wa kwanza. Niliupeleka kwake kwa majivuno. Akaupokea kwa mikono miwili, akaunusa, akaugeuza, akaniuliza, "Na asali yake iko wapi?"

Kwa Susu nta ilikuwa ganda. Kilichokuwa na kazi mbele ya Mulungu na mbele ya wazee waliotangulia kilikuwa asali, hasa ikishakuwa uki, pombe ile ya asali. Nilimuuliza kama atumia, wazee wa ithembo, waliwahi kuwasha mshumaa. Alicheka hadi akakohoa. Ithembo ni pahali pa miti mikubwa isiyoguswa na shoka, mara nyingi pakiwa na mumo, mti wa jamii ya mkuyu. Mvua ikikataa au ugonjwa ukiingia, wazee wenye cheo hicho, wanaume kwa wanawake, hupeleka chakula, maziwa, ugoro, uki, na mbuzi. Moto upo, lakini ni wa kuchomea nyama. Na kwenye kilumi, ngoma ile ya kina mama inayoita pepo na mvua, kinachofanya kazi ni ngozi ya ngoma na miguu ya wachezaji. "Nani amwashie Mulungu taa," Susu aliniambia, "kwani amepotea njia?"

Hata jina lenyewe linaonyesha safari. Mshumaa tumelipata kutoka kwa Waarabu, ambao neno lao shamu ndilo nta. Lilitua pwani kwanza, na hata huko pwani mganga hupenda zaidi chetezo na ubani kuliko mshumaa. Kwa hiyo mtu akija kwangu akitaka mshumaa "wa kienyeji wa Kikamba" namwambia hakuna kitu cha namna hiyo. Kilicho cha kienyeji ni nyuki.

John Mbiti, mwana wa Kitui, alieleza jambo la karibu na hili katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu dini na falsafa za Waafrika. Alishikilia kwamba kinywaji kinachomwagwa chini na tonge linaloachwa kwa marehemu si ibada ya kuabudu mababu. Ni undugu unaoendelea, kama unavyomwekea chakula mtu wa nyumbani aliyechelewa. Tangu nielewe hivyo naona tofauti waziwazi. Uki ni kitu unachompa mtu. Mshumaa haumpi mtu chochote, unaisha mbele yako tu huku ukiutazama.

3. Buluu ikikutana na manjano huwa kijani

Yule dada wa Uingereza alizaliwa huku, akakulia kule. Alikuja likizo, akaonja asali yetu, akauliza kuhusu nta. Wiki hiyo hiyo akaniagiza mishumaa ya rangi saba, miwili ya kila rangi. Alinieleza akiwa amekaa kwenye kigoda, bila madoido: nyekundu ni ya mapenzi na nguvu, kijani ni ya pesa na mazao, buluu ni ya amani na uponyaji, nyeusi ni ya kufukuza, nyeupe yaweza kushika nafasi ya yoyote. Unaupaka mafuta, unauchora alama kwa sindano, unauwasha mwezi ukiwa unakua kama unataka kitu kiongezeke, au ukiwa unapungua kama unataka kiondoke. Hayo yote aliyasema kama mtu anayeeleza jinsi ya kupika maharagwe.

Mimi shida yangu ilikuwa rangi. Nilijaribu rangi ya keki, ile ya maji. Nta ni mafuta, haikuitambua. Ikazama chini kama machozi. Nikajaribu kalamu za nta za mtoto. Rangi ilishika vizuri, lakini utambi ukaziba na mwali ukafa baada ya dakika chache. Kwa mweusi nilisaga makaa, matokeo yakawa kitu kama kinyesi cha mbuzi chenye uzi. Mwishowe nilipata rangi ya unga inayoyeyuka kwenye mafuta, nikashangilia, nikatia ya buluu kwenye nta yangu safi ya manjano. Ikatoka kijani kibichi kabisa.

Nilimpelekea hivyo hivyo kwa aibu. Aliangalia mishumaa ile minne ya kijani, miwili ya pesa na miwili iliyotakiwa kuwa ya amani, akasema, "Basi amani yangu itakuja na pesa." Hapo nikampenda.

Alinifundisha pia kwamba mambo haya si ya kale sana jinsi nilivyodhani. Kitabu kilichozieneza sana kanuni za rangi, cha Henry Gamache, kilitoka Marekani mwaka 1942 na kikawafaa sana waganga wa mizizi wa Wamarekani weusi. Upagani wake yeye, ule unaoitwa Wicca, ulijitokeza hadharani na kitabu cha Gerald Gardner cha mwaka 1954, na Raymond Buckland akatoa mwongozo wa matambiko ya mishumaa mwaka 1970. Babu yangu alikuwa na umri mkubwa kuliko dini hiyo. Nilipomwambia dada hivyo, hakukasirika. Alisema nyimbo mpya pia huimbwa kwa sauti ya zamani.

4. Stima ilipokuja, mauzo hayakuanguka

Hili ndilo lililonishangaza kuliko yote, na nimelifikiria miaka.

Bwawa letu la Masinga lilikamilika mwaka 1981. Ndilo la juu kabisa katika yale mabwawa ya Tana, ndilo ghala la maji la mengine yote yanayofuata chini yake, na mitambo yake hutoa megawati 40. Nilikua nikitazama nyaya zikipita juu ya vichwa vyetu zikielekea mbali, huku sisi chini tukisomea koroboi. Mzaha wa hapa kwetu ulikuwa kwamba Masinga huwasha Nairobi kisha huazima kibiriti. Ulipokuja ukame na maji yakashuka mpaka mitambo ya Masinga ikafungwa Juni 2009, mgao wa umeme ukafuata, na watu wa mjini nao wakajua bei ya mshumaa.

Nyaya zilipotufikia hatimaye, nilikaa chini nikapiga hesabu za kufunga kazi. Nani angenunua mshumaa? Katika miezi michache mama mwenye duka aliacha kuchukua mishumaa yangu ya kawaida, ile mifupi. Lakini watu walianza kuja nyumbani wenyewe. Walitaka mirefu. Walitaka wa kuwashia mtoto aliyekufa, wa kuwashia mtihani, wa kesi ya shamba, wa mume aliyekwenda Ghuba na kunyamaza. Kila mmoja wao alikuwa na balbu nyumbani.

Nadhani ni hivi. Mshumaa ukiwa taa, hakuna anayeutazama. Unatazama ugali, daftari, uso wa mtoto. Siku balbu inapochukua kazi ya kuangaza, mshumaa unabaki bila kazi, na kitu kisicho na kazi ndicho mtu hukipa maana. Ulaya na Marekani nako ni kama ilivyokuwa hapa: mafuta ya taa, gesi na umeme viliutoa mshumaa mezani kwanza, ndipo vitabu vya akina Gamache vikaja. Mtu huzima stima ili awashe mshumaa. Ile hatua ya kwenda kwenye swichi na kuizima ndiyo tambiko lenyewe linapoanza, kwa maoni yangu.

5. Glasi haijui mwizi

Mganga wa sokoni alikuwa na vibango vyake kwenye nguzo za stima: mapenzi, biashara, kesi, kurudisha vilivyoibwa, nambari ya simu. Alikuwa mteja mzuri, alilipa taslimu. Siku moja nilimpelekea dazeni mbili za mishumaa myekundu nikamkuta na mtu ndani, mfanyabiashara wa ng'ombe aliyekuwa ameibiwa pesa nyumbani. Mganga akaniambia nikae pembeni ningoje.

Alikuwa ameweka sahani ya bati yenye maji mekundu, na katikati mshumaa mfupi unaowaka. Yule mzee akawa anataja majina ya watu wa nyumbani. Mganga anayasikiliza, anatikisa kichwa, anaomba lingine. Lilipotajwa jina la mpwa, akaichukua glasi na kuufunika mshumaa taratibu. Mwali ukasinyaa. Ukafa. Na maji mekundu, mbele ya macho yetu, yakaanza kupanda ndani ya glasi, kidole kimoja, kidole na nusu. "Damu imemjua," mganga akasema. Yule mzee akajifuta machozi kwa kofia.

Usiku ule nilijaribu nyumbani, kwa sahani ya watoto na glasi ya chai. Nikataja jina la mbuzi wa kwanza, nikafunika. Maji yakapanda. Mbuzi wa pili, yakapanda. Nikataja jina langu, yakapanda. Kila aliyetajwa katika boma letu alikuwa mwizi, pamoja na jogoo. Sababu yake ni nyepesi: unapoteremsha glasi, mwali unaipasha hewa moto nayo inatanuka na sehemu yake kutoroka. Mwali ukifa, iliyobaki inapoa na kunywea, na hewa ya nje inayasukuma maji kwenda kujaza pengo. Chagua jina unalotaka, kisha funika.

Nilimtafuta yule mzee stendi ya matatu siku ya soko iliyofuata, nikamweleza. Akanitazama toka kichwani hadi miguuni. "Wewe ni muuza mishumaa," akasema, "utajua nini juu ya mishumaa?" Mpwa alikuwa ameshafukuzwa.

Sitaki mtu anielewe vibaya. Nimemwona mundu mue wa kweli, mzee wa kibuyu cha mbegu na uta, rafiki yake Susu. Aliuliza maswali saa nzima kabla ya kumwaga mbegu zake: mmelala na nani, mmekosana na nani, mtoto anakula nini. Alipomaliza kuuliza, nusu ya ugonjwa ilikuwa imeshatajwa. Alilipwa kuku, na wakati mwingine hata kuku hakupewa. Hakuwasha kitu. Sheria ya Kenya dhidi ya uchawi iliandikwa mwaka 1925 na wakoloni ambao hawakujisumbua sana kumtenganisha mzee kama huyo na laghai au na muoi anayetaka kuua. Waingereza wenyewe waliifuta sheria yao ya uchawi mwaka 1951, ndipo Gardner akapata nafasi ya kutoa kitabu chake. Yetu walituachia vitabuni wakaenda zao.

Mganga wa glasi simuuzii tena.

6. Mshumaa ukilia upande mmoja, funga dirisha

Watu huusoma mshumaa. Nta ikitiririka kushoto, adui yuko kushoto. Ukitoa moshi mweusi, kuna husuda. Ukilia chss, mzimu umejibu. Ua jeusi likichanua kwenye utambi, wageni wanakuja.

Mimi niliyeumwaga nasoma hivi: kuna upepo, utambi ni mrefu, ukate ubaki kama upana wa punje mbili za mchele, niliharakisha na maji yakabaki kwenye nta, nilichagua utambi mnene mno kwa mshumaa ule. Mara nyingi mteja hunishukuru na kuendelea kumshuku jirani.

7. Jina la mtu lina uzito

Hili silisimulii mara nyingi.

Ilikuwa Januari, mwezi wa karo, na nilikuwa na shilingi mia mbili na kitu. Akaja mwanamke niliyemjua kwa sura, anatoka ng'ambo ya mto, akataka mshumaa mweusi wenye jina la mke mwenzake limechorwa ubavuni. Kuchora mwenyewe aliogopa. Alitaka mkono mwingine. Aliniwekea shilingi mia tano kwenye meza, noti moja imekunjwa mara nne.

Nilichora. Kwa msumari wa mabati, herufi kutoka chini kwenda juu, kama yule dada alivyonionyesha kwamba hufanywa kwa kitu unachotaka kirudi nyuma. Nta ya nyuki ni laini ukiipasha kidogo, na vumbi lake hutoka kama ganda la yai. Jina lilikuwa na herufi sita. Nakumbuka nilirekebisha mkia wa herufi ya mwisho upendeze. Hilo ndilo linalonichoma mpaka leo, kwamba nilitaka upendeze.

Wiki ya tatu nikasikia mwenye jina ameanguka na bodaboda, ameteguka na kuvunjika mfupa wa bega.

Siamini. Barabara ile ina mashimo, na yule kijana wa bodaboda hupenda kuendesha akiwa ameweka simu sikioni. Ningekuwa mtu mwingine ningejicheka. Lakini mtu wa Ukambani amelelewa akisikia habari za kithitu, kile kiapo kinacholiwa kwenye ugomvi mzito, ambacho mwongo akikila humrudia yeye na watu wa nyumba yake. Tunajua, hata sisi tuliosoma, hata sisi tunaokwenda kanisani, kwamba neno likisemwa juu ya kitu halirudi mdomoni. Sikulala siku nne.

Siku ya tano nilinunua kilo mbili za sukari na mkate, nikavuka mto. Nilimkuta amekaa kivulini, mkono umefungwa kwa leso shingoni. Nilikusudia kumwambia. Niliketi, nikanywa chai, nikaulizia mifugo, nikaulizia watoto. Nilipoinuka kuaga akaniambia, "Mwaitu, nasikia wewe ndiye unayetengeneza mishumaa ya asali. Nataka mmoja niwashe nikisali, huu mfupa upone."

Nilimletea mitatu, sikuchukua pesa. Na tangu siku hiyo sichori jina la mtu yeyote, awe wa kupendwa au wa kuchukiwa, awe hata wa kuombewa. Mteja ana msumari kwake, achore mwenyewe.

8. Februari ni mwezi wa mavuno

Mavuno yangu ya kanisani, namaanisha. Tarehe 2 Februari Wakatoliki hubariki mishumaa ya mwaka, na kesho yake, sikukuu ya Mtakatifu Blasi, padri hukutanisha mishumaa miwili kwenye koo la mtu na kumwombea. Pasaka huja ule mkubwa kuliko wote, wenye tarakimu za mwaka na chembe tano za ubani, ambao kwa desturi ya zamani ulipaswa kuwa wa nta ya nyuki. Kwa hiyo katekista hunijia mapema, na huja na malalamiko juu ya bei, kama Wakristo wote.

Upande wa pili wa barabara hali si hiyo. Ukambani ni nchi ya kanisa la AIC, ambalo mizizi yake ni ile misheni iliyoanza Nzaui mwaka 1895, na la ABC lililoanzishwa na Waafrika wenyewe mwaka 1945. Huko madhabahu hayana mshumaa, na mshumaa uliowashwa mchana huwafanya watu wanuse uchawi. Jirani yangu wa AIC aliniombea miezi miwili niache kazi hii, kisha akaniagiza kumi kwa harusi ya bintiye, kwa ajili ya picha.

Yule dada mpagani alinichekesha alipoandika simuni kwamba wao pia husherehekea mwanzo wa Februari, kwa mishumaa, sikukuu ya Imbolc. Nikamwambia asiwaambie Wakatoliki wangu, nina oda ya mia moja na ishirini.

9. Mahali pengine mshumaa una kazi nyingine

Yule dada alirudi mwaka wa ukame. Nyasi zilikuwa zimekauka mpaka zinavunjika kama biskuti, bwawa limeonyesha matope yake, na nyuki wangu wa myatu minne walikuwa wamehama. Alisikia wazee wanapeleka sadaka ithembo, akaniomba nimwombee ruhusa awashe mishumaa mitatu chini ya mumo. Alikuwa ameipaka mafuta kabisa, imefungwa kwa kitambaa cha hariri. Nilimwambia ajibiwe na wenyewe.

Hatukuruhusiwa kuingia. Tulibaki pembeni, mahali wanawake walikuwa wameketi na vibuyu. Mkubwa wao, mama wa kilumi, umri wake hakuna anayeujua, alimsikiliza yule dada mpaka mwisho. Mimi ndiye niliyekuwa nikitafsiri, na nilitafsiri yote, hata ya mwezi unaokua. Kisha akanyoosha mkono apewe mshumaa mmoja. Aliunusa kama Susu alivyounusa wa kwanza. "Huu," akasema, "utachoma msitu kabla Mulungu hajauona."

Yule dada akainamisha kichwa. Nilidhani atalia.

Lakini mama hakuwa amemaliza. Akauvunja mshumaa kwa goti, akatafuna kipande kidogo, akakitema kiganjani, akaanza kukikanda kwa kidole gumba. Akavuta karibu kibuyu cha uki kilichokuwa kimeegemea jiwe. Kilikuwa na ufa mwembamba karibu na shingo, na povu lilikuwa likitoka kidogo kidogo na kuita nzi. Akaupaka ufa ule nta, akasugua, akaongeza, akapitisha juu yake kijinga cha moto mara moja ili ishike, akalamba kidole.

Kisha akamkabidhi yule dada kibuyu akishike wima mpaka wazee watume mtu wa kukichukua. Alikishika kwa mikono miwili, karibu nusu saa, jua la saa saba likimpiga utosini. Hakikuvuja.